Kuziba mianya ya hewa kwenye nyumba zenye kiyoyozi, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba yangu ina kiyoyozi cha ukutani tu, haina dakti. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, pengine kuliko mwenye dakti. Dakti, yaani mifereji ya hewa inayopita juu ya siling bodi, kwetu hupatikana zaidi kwenye nyumba za wageni, ofisi na baadhi ya nyumba kubwa mpya. Majumbani kilichoenea ni kiyoyozi cha ukutani, na hapo kinachovuja ni chumba chenyewe. Kanuni ni ile ile: hewa uliyolipia umeme kuipoza inatoka, na ya nje inaingia mahali pake. Tunaanza na vyumba. Mwenye dakti aruke hadi katikati ya ukurasa.

Nje ni digrii 30 tu. Tofauti ya digrii tano inaweza kula umeme kiasi gani?

Digrii si tatizo kubwa. Tatizo ni maji yaliyomo kwenye hewa.

Hewa ya nje ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kwetu kaskazi na masika, ina karibu gramu 23 za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya chumba chenye digrii 25 na unyevu wa asilimia 55 ina kama gramu 13. Kwa hiyo kila mita ya ujazo inayopenya inakuja na gramu 10 za maji ambazo kiyoyozi lazima kiziondoe, kwa kuugeuza mvuke kuwa maji na kuyamwaga nje kwa bomba. Kazi hiyo inakula nguvu karibu mara nne ya ile ya kushusha digrii tano zenyewe. Ndiyo maana ushauri wa kuziba nyumba ulioandikwa kwa nchi za baridi au za joto kavu haukai sawasawa visiwani.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 2.8. Kina mita za ujazo 45 za hewa. Hewa yote ikibadilika mara tatu kwa saa, jambo lisilo la ajabu kwa chumba chenye madirisha mawili ya luva na upepo nje, yanaingia maji lita 1.35 kila saa. Usiku wa saa nane ni karibu lita 11. Mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inatumia thuluthi moja ya uwezo wake kupambana na hewa hiyo peke yake.

Nitajuaje chumba changu kinavuja kiasi gani bila vifaa vya gharama?

Tumia ndoo. Weka mdomo wa bomba la maji ya kiyoyozi ndani ya ndoo ya lita 20, washa saa tatu usiku kwa digrii 25, halafu pima maji saa kumi na moja alfajiri. Usihesabu usiku wa kwanza ikiwa chumba kilikaa muda mrefu bila kupozwa, kwa sababu godoro, mapazia na nguo za kabatini nazo hutoa maji yake. Hesabu usiku wa pili na wa tatu.

Watu wawili waliolala hutoa kwa pumzi na jasho si zaidi ya lita moja usiku kucha. Chumba cha ukubwa tuliotaja kikitoa lita tatu au nne, kimezibwa vizuri. Kikitoa lita nane na kuendelea, hewa ya nje inaingia kwa wingi. Kila lita nne unazozipunguza ni karibu uniti moja ya umeme, kwa mashine ya kawaida inayotoa ubaridi mara tatu ya umeme inaokula.

Kisha tafuta mianya yenyewe. Washa kijiti cha udi, zima feni na kiyoyozi, washa feni ya kutolea hewa ya chooni na acha mlango wa choo wazi ili chumba kivute. Pitisha kijiti taratibu, umbali wa kidole kimoja, kwenye pembe za dirisha, kizingiti, tundu la bomba, ukingo wa siling bodi na mashimo ya taa. Moshi ulionyooka hauna neno. Ukipinda au kutawanyika, weka alama ya chaki hapo. Usitumie chetezo cha makaa kwenye chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Nianze na mwanya upi?

Anza na mkubwa. Watu wengi huanza na tundu la bomba kwa sababu linaonekana, na huishia hapo. Lakini tundu la milimita 65 ambalo nusu yake imejaa mabomba linaacha nafasi ya sentimita za mraba 16 hivi. Mwanya wa milimita 15 chini ya mlango wa sentimita 80 ni sentimita za mraba 120. Dirisha moja la luva la vioo kumi vya sentimita 70, kila kioo kikiacha uwazi wa milimita 2 tu, ni sentimita za mraba 140, sawa na shimo la sentimita 12 kwa 12 ukutani. Na chumba mara nyingi kina madirisha mawili.

Basi luva nizifanye nini? Nazihitaji kusi ikivuma.

Hiyo ndiyo hoja ya msingi, na hatumshauri mtu azizibe moja kwa moja. Luva ni dirisha zuri la kupitisha upepo, na miezi ya kipupwe nyumba nyingi zinaweza kulala bila kiyoyozi kabisa. Kinachotakiwa ni kizuizi cha kuweka na kutoa.

Kwanza rekebisha luva zenyewe. Funga, kisha tazama kutoka ndani mchana: unapoona mstari wa mwanga, kioo hakikulala juu ya mwenzake. Kwa kawaida kishikio kimoja cha alumini kimepinda au kimeliwa na chumvi na kinazuia vioo vyote vilivyo juu yake. Badilisha kishikio hicho. Kukikunja kwa koleo hudumu wiki chache tu.

Halafu tengeneza kioo cha ndani. Kata karatasi ngumu ya akriliki (plastiki ya wazi kama kioo) ya milimita 3 au 4, iliyozidi uwazi wa dirisha kwa sentimita 2 kila upande. Bandika tepu ya sponji ya milimita 5 kwenye fremu kuzunguka dirisha, kisha shikiza akriliki kwa vitufe vya mbao vya kugeuza, kimoja kila sentimita 30. Vitufe vikiwa mbalimbali zaidi ya hapo, akriliki hupinda katikati na hewa hupita. Dirisha la mita 1 kwa 1.2 linahitaji vitufe 14 hadi 16 na tepu ya mita 4.5. Kusi ikianza, unageuza vitufe na kuiweka nyuma ya kabati hadi kaskazi.

Asiyetaka kutumia pesa nyingi anaweza kuweka nailoni nzito ya wazi iliyoshikwa kwa tepu ya kunasa, ile ya mikoba ya skuli. Inafanya kazi, ila jua la msimu mmoja huikausha na kuichana.

Ukibadilisha dirisha zima, lile la alumini linalofunguka kwa bawaba hubana kuliko la kusukuma. La kusukuma linategemea manyoya ya pembeni, nayo yakichakaa baada ya miaka michache dirisha linavuja karibu kama luva. Manyoya hayo huuzwa kwa mita na hubadilishwa kwa nusu saa. Muulize fundi wa alumini.

Chumba chenye nondo kwenye madirisha yote kibaki na njia ya kutokea wakati wa moto. Kizuizi chochote unachoweka lazima mtoto wa miaka kumi aweze kukiondoa gizani.

Na mlango?

Tepu ya sponji au raba mita 5 hivi kwa pande mbili na juu, na raba ya kufagia yenye urefu wa sentimita 90 kwa upande wa chini. Bandika raba kwenye kizuizi cha fremu, mahali ambapo mlango unaikandamiza ukifungwa; ikiwekwa ubavuni hung'oka kwa kusuguliwa. Futa kwanza kwa spiriti, maana gundi haishiki juu ya rangi yenye vumbi na chumvi. Usisahau mlango wa choo cha ndani: feni ya choo ikiachwa inazunguka usiku kucha, inatoa hewa ya baridi nje na kuvuta ya nje kupitia kila mwanya uliobaki. Iwekee swichi yake yenyewe, isiwake pamoja na taa.

Tundu la bomba la kiyoyozi lizibwe kwa nini?

Kwa putti laini ya mafundi wa viyoyozi upande wa ndani, na kwa saruji nyepesi au foamu ya kopo upande wa nje. Foamu isiachwe ipigwe na jua. Baada ya miezi kadhaa hugeuka unga wa njano. Ikate ikishakauka na uipake rangi au saruji. Angalia usibane bomba la maji: likibonyea, maji hurudi ndani na kutiririka ukutani. Tundu lenyewe literemke kidogo kuelekea nje, milimita 5 hadi 10, ili mvua ya masika isiingie.

Banda langu la wageni limeezekwa makuti. Naweza kuliziba?

Makuti hayazibiki. Yalibuniwa yapumue, na yanafanya hivyo vizuri. Kiyoyozi chini ya makuti yaliyo wazi kinapoza anga. Ukitaka kuendelea nacho, tengeneza dari kamili chini ya makuti, ya plaiwudi au jipsamu, na juu yake tandaza nailoni nzito, maungio yapishane sentimita 15 na yafungwe kwa tepu.

Nailoni inakaa juu, upande wa joto na unyevu. Vitabu vya ujenzi vya Ulaya huielekeza upande wa ndani kwa sababu kule mvuke unatoka ndani kwenda nje. Kwetu, chumbani mwenye kiyoyozi, unatoka nje kuja ndani. Ukiiweka chini, chini ya plaiwudi, maji yatakusanyika nyuma yake na mbao zitaoza usione.

Naishi Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa. Nizibe nyufa kwa saruji?

Hapana. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huvuta maji na kuyatoa, ndivyo unavyoishi. Saruji, siliconi au rangi ya mafuta huyafungia maji ndani, chokaa inalainika na plasta inabanduka vipande vipande, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huanza kuoza. Ufa ujazwe kwa chokaa na mchanga, kidogo kidogo, ukiulowesha ukuta kabla.

Elekeza nguvu kwenye milango na madirisha: vizuizi vya akriliki vya kutoa kama tulivyoeleza, na mbao nyembamba yenye sponji nyuma ya nakshi ya uwazi juu ya mlango, ishikizwe kwa skrubu mbili zinazofunguka. Sakafu ya ghorofani nayo huvuja katikati ya boriti. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya milango, madirisha na sura ya nje yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kizuizi cha ndani kinachotolewa hakigusi kitu, na hiyo ni sababu nyingine ya kukipendelea.

Siliconi ipi ninunue?

Ile isiyo na harufu ya siki. Yenye harufu ya siki hula shaba, alumini na bati, na haishiki vizuri kwenye saruji na chokaa. Mirija ya mililita 300 hutoa mstari wa mita 12 ukikata ncha kwa milimita 5. Mahali patakapopakwa rangi tumia ya akriliki. Rangi haikai juu ya siliconi.

Tuna kiyoyozi cha darini chenye dakti. Kinavuja wapi?

Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa kuokoa nishati, unakadiria kwamba nyumba ya kawaida yenye dakti hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa kwa kuvuja, kutoboka na maungio mabovu. Lakini kwetu kasoro kubwa mara nyingi haiko kwenye maungio. Iko kwenye njia ya kurudi.

Fanya hivi: ondoa grili ya kurudishia hewa na umulike tochi ndani. Ukiona bomba au sanduku linalokwenda moja kwa moja hadi nyuma ya mashine, vizuri. Ukiona mbao za paa, mabati na waya za umeme, basi mashine haina mfereji wa kurudi. Inavuta kutoka nafasi nzima ya juu ya dari. Nafasi hiyo chini ya mabati huwa na joto kali kuliko nje, na imefunguka kwenye ukingo wa paa. Utaziba dakti zote na bili isishuke.

Dawa ni sanduku la bati la zinki la milimita 0.5 au 0.6, linalounganisha grili na mdomo wa mashine, lenye mlango mdogo wa kusafishia chujio. Liwe pana, likibana, mashine inapiga kelele na koili inaganda barafu.

Baada ya hapo, tazama mahali mashine inapoungana na sanduku la kugawia hewa, kisha kola, yaani shingo za bati zinakotokea mifereji, mwisho kiboksi cha kila grili kinapokutana na jipsamu. Hapo pa mwisho hewa hutoka juu ya dari badala ya chumbani, na huonekana kama alama nyeusi kuzunguka grili.

Kuziba dakti kwenyewe kunafanywaje?

Zima kwenye swichi kuu, si kwa rimoti. Rudisha nyuma ngozi ya kuhifadhi baridi, futa bati kwa kitambaa chenye spiriti na uache likauke kabisa. Kaza maungio kwa skrubu kwanza, za chuma cha pua ikiwa uko karibu na bahari. Mastiki, yaani uji mzito wa kuzibia mishono, inaziba, haishikilii uzito.

Paka mastiki ya maji kwa brashi ya milimita 50, unene wa milimita 2, ivuke mshono kwa sentimita 2.5 kila upande. Uwazi unaozidi milimita 6 bandika kwanza wavu wa faibaglasi, kisha paka juu yake hadi nyuzi zisionekane. Kopo la lita 4 linatosha mishono ya mita 35 hadi 40. Acha ikauke saa 24, na masika saa 48. Ukiwasha mapema, hewa yenye unyevu na baridi huiacha laini na inachuruzika.

Kisha rudisha ngozi, na hapa ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibika. Ganda la alumini la nje ndilo linalozuia mvuke. Likiachwa na tundu la ukubwa wa shilingi, mvuke unapenya, unagusa bati la digrii 14 na kugeuka maji. Hewa ya digrii 30 na unyevu asilimia 75 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote cha digrii 25 au chini. Funga kila mshono wa ganda kwa tepu ya alumini ya milimita 75 na uisugue kwa kadi ngumu hadi mikunjo iishe.

Tepu ya nguo ya kijivu haitoshi?

Haitoshi. Mwaka 1998 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, walizijaribu aina nyingi za vizibio vya dakti kwa joto na baridi za kupokezana, na tepu ya nguo ndiyo iliyoshindwa. Gundi yake hukauka. Ukiikuta darini kwako inaning'inia, ing'oe yote na usafishe gundi kabla ya kupaka mastiki.

Mifereji laini inayokunjika inahitaji nini?

Inyooshwe. Mfereji uliolegea na kujikunja hupitisha hewa kidogo hata kama hauvuji. Utundikwe kila mita 1.2 hadi 1.5 kwa mkanda wa upana wa milimita 38 au zaidi (waya mwembamba huukata kiuno), na usilegee zaidi ya sentimita 4 kwa kila mita. Kwenye kola funga mara mbili: mkanda mmoja juu ya ngozi ya ndani iliyopakwa mastiki, wa pili juu ya ganda la nje. Mafundi wa haraka hufunga wa nje tu, na mfereji unaonekana mzima huku ngozi ya ndani imeshachomoka.

Nikiziba sana, tutapata hewa ya kutosha?

Swali muhimu. Usitafute ukamilifu: chumba cha watu wawili au watatu kibaki na mwanya mdogo chini ya mlango wa ukumbini, na kifunguliwe kila asubuhi dakika 15. Kilichozibwa kisiwe kamwe na jiko la mkaa, mtungi wa gesi unaowaka wala jenereta karibu na dirisha. Umeme ukikatika usiku, toa vizuizi.

Chumba kimezibwa, lakini kabati limeota ukungu. Kwa nini?

Angalia rimoti. Kuta za chumba cha digrii 18 zinashuka chini ya kiwango cha umande wa hewa ya nje, na kila mlango unapofunguliwa maji yanakaa mahali penye baridi pasipo na upepo, yaani nyuma ya kabati. Weka 25 au 26 na feni ya dari polepole, sogeza kabati sentimita 5 kutoka ukutani. Sababu nyingine ni mashine kubwa kupita chumba: inafikia digrii haraka na kuzima kabla haijakausha hewa. Hili hujitokeza zaidi baada ya kuziba, kwa kuwa kazi imepungua. Ukibadilisha mashine siku zijazo, chukua ndogo zaidi.

Nitaokoa kiasi gani?

Kwa chumba chetu cha mfano, kushusha mabadiliko ya hewa kutoka mara tatu kwa saa hadi chini kidogo ya moja ni kama uniti mbili kwa usiku wa saa nane, na maji ndooni yanashuka kwa karibu lita nane. Usiyachukue makadirio yetu kama yalivyo. Soma mita yako ya Tukuza saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, siku tatu kabla na siku tatu baada, digrii zile zile, vyumba vingine vikitumika kama kawaida, na hali ya hewa isiwe imebadilika. Kulinganisha usiku wa kaskazi na wa kipupwe hakuna maana.

Nikague tena baada ya muda gani?

Sponji za milango na madirisha kila mwaka kabla ya Disemba. Zilizobonyea zisirudi, badilisha. Nyumba za Paje, Nungwi au Jambiani zilizo ufukweni, kagua skrubu na vishikio vya luva mara mbili kwa mwaka. Dakti mara moja kwa mwaka, kwa tochi na kijiti cha udi. Chujio la mashine ni kila wiki mbili. Na ndoo iweke bombani usiku mmoja kila kaskazi inapoanza: maji yakizidi ya mwaka uliopita kwa lita tatu, kuna mahali pamefunguka.